Binti yangu kaleta kurasa tisa za matokeo, hakuna hata A moja

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Tanga, mstaafu wa bandari. Binti yangu wa pili alimaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), akapata nafasi ya kusoma mazingira katika chuo kimoja jimbo la Washington, Marekani. Chuo kinambebea sehemu kubwa ya ada. Kinachobaki tunachanga mimi, mama yake, na mdogo wangu wa Mwanza ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu.

Mwaka wa kwanza umeisha Juni. Nikamwomba atume matokeo. Kanitumia kwa WhatsApp kurasa tisa za maneno matupu. Hakuna A, hakuna B, hakuna asilimia, hakuna GPA (wastani wa alama), hakuna kashika nafasi ya ngapi. Jirani yangu anayefundisha Kiingereza akanitafsiria. Muhula wa kwanza wameandika: "Alianza akiwa kimya kwenye semina, lakini maandishi yake yalionyesha kwamba amesoma kwa makini. Uchambuzi wake wa vipimo vya maji ya mto ulikuwa kamili na wa uhakika. Ripoti yake ya mwisho ingehitaji hoja iliyonyooka zaidi." Muhula wa tatu wanasema "alishiriki sehemu kubwa ya shughuli za programu". Kilichonichosha zaidi, mwenyewe kaandika kurasa mbili za kujipima. Tangu lini mwanafunzi akajisahihishia mtihani?

Chini ya kila muhula kuna namba: 16, halafu 16, halafu 12. Nilidhani ndizo alama. Kumi na sita chini ya mia?

Nikampigia. Nikamwambia, niambie kwa lugha nyepesi, umepata A au umepata C? Akajibu, "Baba, huku hawatoi." Nikamwambia hakuna chuo duniani kisichotoa. Akalia, akakata simu. Sasa anaongea na mama yake tu.

Mdogo wangu anasema elimu isiyo na alama ni mechi isiyo na magoli, na hachangi tena hadi aone GPA. Mwezi ujao tuna kikao cha ukoo na swali litakuja kwangu. Naomba unijibu: chuo hiki ni cha kweli? Binti anaficha kufeli? Akirudi, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na waajiri watamwelewaje? Nimhamishe?

Baba mwenye mashaka, Tanga


Ndugu yangu wa Tanga,

Salaam nyingi. Jina la chuo ulilitaja, nami nimeliondoa ili binti asijulikane. Nimeangalia: ni chuo cha kweli na kina ithibati, yaani kimekaguliwa na kutambuliwa rasmi. Hilo liweke pembeni, maana kuna jambo la haraka zaidi. Katika kurasa tisa ulizotumiwa, mstari ulioukebehi ndio uliotakiwa kuusoma kwanza.

Zile 16, 16 na 12 ni krediti, yaani vipimo vya kiasi cha masomo aliyokamilisha. Kwenye vyuo vya Marekani vyenye mihula mitatu ya wiki kumi kumi kwa mwaka, mwanafunzi wa aina ya bintiyo hujisajili krediti 16 kila muhula, na huhitimu akifikisha 180. Gawa 180 kwa miaka minne, unapata 45 kwa mwaka. Yeye ana 44. Kwa hiyo hajafeli mwaka, na hayuko nyuma kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Ila muhula wa tatu alijisajili 16 akapewa 12. Krediti nne hazikupatikana. Sasa rudi kwenye ile sentensi ya muhula huohuo: "alishiriki sehemu kubwa ya shughuli". Mwalimu hakuandika "zote". Ndugu yangu, mwalimu huyo amekwambia jambo zito kwa adabu, na namba iliyo chini yake imethibitisha. Kuna kazi haikukamilika, au kuna wiki hakuonekana. Inaweza kuwa ugonjwa, baridi, upweke, au kibarua cha usiku. Hilo ndilo swali la kumuuliza, na la A au C liache.

Nimeanza hapo makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia chuo kisicho na alama hudhani kila mtu anapita. Hapiti. Kazi isipofanywa krediti haitoki, na krediti isipotoka shahada haipatikani. Kilichoondolewa ni ile ngazi ya A hadi D ya kuwapanga waliofaulu. Mstari wa kufaulu na kutofaulu upo palepale.

Nikupe mfano wa chuo ninachokifahamu utaratibu wake: The Evergreen State College, mjini Olympia, makao makuu ya jimbo hilohilo la Washington. Ni chuo cha umma, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1971, na tangu siku hiyo hakijatoa alama za herufi. Mwanafunzi hasomi masomo manne yaliyotawanyika kama ulivyozoea. Anaingia kwenye programu moja inayounganisha fani kadhaa, tuseme biolojia, takwimu na uandishi, inayofundishwa na walimu wawili au watatu kwa pamoja, na muda wake wote unaishia humo. Wanasoma, wanakaa semina, wanatoka kwenda kupima maji au kuhesabu miti. Muhula ukiisha, mwalimu anaandika tathmini ya kila mmoja, mwanafunzi anaandika ya kwake, kisha wanakaa wawili kwenye kikao na kuzungumza juu ya yaliyoandikwa. Mwanafunzi naye anamwandikia mwalimu tathmini. Najua hapo umeinua nyusi. Sisi tuliozoea kusimama mwalimu akiingia, kumwandikia mwalimu kwamba somo lake la wiki ya nne halikueleweka ni kama kumvua kofia mzee. Huko ni wajibu wa mwanafunzi.

Na si kituko cha chuo kimoja. Hampshire College kule Massachusetts kilifungua milango mwaka 1970 kwa mtindo unaofanana. Bennington, Alverno na vinginevyo vina namna zao. Hata hizo herufi unazoziamini, ndugu yangu, zina umri wa kuhesabika: Mount Holyoke, chuo cha wanawake huko huko Massachusetts, kilianza kutumia mpangilio wa herufi unaofanana na wa leo mwaka 1897. Kabla ya hapo vyuo vya Marekani vilikuwa vinajaribu hiki na kile. Mwaka 1785 rais wa Yale aliwapanga watahiniwa wake kwa makundi manne ya Kilatini, bora kabisa hadi wabaya zaidi. Alama ni chombo kilichobuniwa na watu kwa haja zao, na wapo walioamua kubuni kingine.

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe, maana hapa ndipo fedha yako ilipo.

Kwenye transkripti (hati za matokeo) za namna hii, kila muhula una sehemu zake. Mwanzoni kuna maelezo ya programu: walisoma nini, vitabu gani, walienda wapi. Sehemu hiyo ni ileile kwa wanafunzi wote wa programu, hata wakiwa sabini. Usimtafute binti yako humo. Huenda kurasa tatu kati ya zile tisa ni hizo, na jirani yako kazitafsiri bure, mpe soda.

Inayofuata ndiyo inayomhusu yeye peke yake. Isome kama ulivyokuwa ukisoma ripoti ya mzigo bandarini, kwa kutazama kilichoandikwa na kilichoachwa. "Uchambuzi wake wa vipimo vya maji ulikuwa kamili na wa uhakika." Hiyo ni sifa kubwa, kwa kuwa imetaja kazi mahususi. "Ripoti yake ya mwisho ingehitaji hoja iliyonyooka zaidi." Huo ni upungufu, na umetajwa mahali pake. "Alianza akiwa kimya kwenye semina." Mwalimu ameandika "alianza", kwa hiyo uliza alimaliza vipi. Ukikuta ukurasa mzima wa "alikuwa mchangamfu, mwenye moyo mzuri, mwenye ushirikiano" bila kazi hata moja iliyotajwa, hapo uwe na wasiwasi. Mwalimu anayemsifu mwanafunzi kwa tabasamu amekosa cha kusifia kwenye kazi.

Ripoti za shule zetu zilituharibu hapa. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa, sote tuliandikiwa "ana uwezo, aongeze bidii", wa kwanza na wa mwisho. Tukajifunza kuruka maoni na kukimbilia namba. Mdogo wako, mwalimu mkuu mstaafu, bila shaka amegonga muhuri kwenye mamia ya ripoti hizo, na nadhani ndiyo sababu hayaamini maneno. Mimi pia nisingeyaamini. Tathmini ya chuo inatakiwa iwe tofauti: mwalimu ana wanafunzi ishirini na kitu, amekaa nao wiki kumi kutwa nzima, anajua nani aliandika nini. Akiandika ovyo, binti ana haki ya kuuliza, na ile nafasi ya kikao ndiyo ya kuulizia.

Chini ya maelezo tafuta orodha fupi inayogawa krediti kwa majina ya masomo: 4 za takwimu, 4 za ekolojia, 4 za kemia ya maji, 4 za uandishi. Nyie mliziona kama mapambo. Kwa mtu wa TCU, au kwa chuo kingine, orodha hiyo ndiyo inayomwonyesha kwamba hizo "Mito na Watu" au jina lolote la programu zina takwimu na kemia ndani yake. Kwenye muhula wa tatu ndipo utaona somo gani halipo.

Kuhusu ile ya kujipima. Hajisahihishii mtihani, maana krediti anatoa mwalimu. Anachofanya ni kueleza alijifunza nini, alikwama wapi, na muhula ujao anataka kufanya nini. Mimi nina neno na hili, na ni kwa faida ya binti. Tumelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto wa kike wa Tanga amelelewa hivyo mara mbili. Akiketi kuandika habari zake atasema "nilijitahidi kidogo, nawashukuru walimu wangu kwa uvumilivu". Mwenzake wa Seattle ataandika kwamba aliongoza kundi la watu watano, akachora ramani, akagundua kosa kwenye vipimo. Wote wawili walifanya kazi ileile. Karatasi hizi zikienda kwa mwajiri, msomaji hana njia ya kujua kwamba mmoja wao alikuwa na haya. Mwambie binti yako, kwa idhini ya baba yake, kwamba kutaja kazi aliyoifanya kwa jina lake na kiasi chake si majivuno. Neno hilo likitoka kwako litakuwa na uzito kuliko likitoka kwangu.

Nisikufiche kasoro, maana mfumo huu unazo. Ni wa gharama ya muda. Mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kuuendesha, akijaribu atanakili. Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kilianza mwaka 1965 kwa tathmini za maelezo na kikajivunia nazo. Kikakua, madarasa yakajaa, wanafunzi wenyewe wakaanza kulalamika kwamba wakiomba shahada za juu wanaulizwa GPA. Mwaka 2000 walimu wake walipiga kura kufanya alama za herufi ziwe za lazima. Walioutetea mfumo walisikitika sana, lakini sidhani kwamba walioupinga walikuwa wajinga. Msomaji mwenye maombi elfu mezani hasomi kurasa tisa za mtu mmoja. Anachuja kwa namba kwanza, ndipo asome.

Na hapa nyumbani tunachuja kwa namba kweli kweli. Fomu nyingi za ajira na za masomo zina kisanduku cha GPA, na kisanduku hakijui habari za semina. Kwa shahada ya uzamili vyuo vyetu kwa kawaida vinataka kuona wastani wa chini uliotajwa kwa tarakimu. Ingawa, tukisema ukweli, hata tarakimu nazo zinahitaji mkalimani: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA inaishia 5.0 na daraja la kwanza linaanzia 4.4, Marekani inaishia 4.0. Mwenye 3.8 ya kule ni wa juu kabisa. Mwenye 3.8 ya hapa ni daraja la pili la juu. Mdogo wako akiletewa 3.8 kutoka Washington angempongeza au angemgombeza?

TCU wanapotambua shahada ya nje wanachotaka kujua kwanza ni kama chuo kinatambulika katika nchi yake, na shahada ni ya ngazi gani. Vyuo vya kaskazini magharibi mwa Marekani, Evergreen kikiwemo, hupewa ithibati na taasisi iitwayo Northwest Commission on Colleges and Universities. Binti afanye hivi kabla ya kuhitimu, asisubiri awe ameshatua Dar es Salaam: aombe ofisi ya msajili barua rasmi yenye muhuri, inayosema kwamba chuo hakitoi alama wala GPA kwa mwanafunzi yeyote, na inayoeleza krediti zake hupatikanaje. Vyuo hivi vimezoea kuulizwa, barua kama hizo wanazo tayari. Aombe nakala kadhaa za transkripti rasmi. Na achague walimu wawili wanaomfahamu vizuri, awaombe barua za mapendekezo wangali wanamkumbuka. Mwajiri akisumbuka na kurasa thelathini za miaka minne, barua mbili za ukurasa mmoja mmoja zitasomwa.

Kama ana nia ya uzamili hapa nyumbani, namshauri pia achukue somo moja au mawili yenye alama za herufi kwenye chuo cha jamii kilicho karibu naye, kwa mfano takwimu, kwa mpango ambao chuo chake kinaukubali. Siyo kwamba tathmini hazitoshi. Ni ili siku moja mtu aliyeshika fomu apate kitu cha kujaza.

Kumhamisha? Kwa sababu ya alama peke yake, hapana. Atapoteza ufadhili, na huenda asiokoe krediti zote, kwa ajili ya kumridhisha mtu asiye darasani. Ningebadilisha jibu endapo lengo lake ni udaktari wa binadamu au sheria huko huko Marekani. Waliotoka vyuo visivyo na alama wanaingia kwenye fani hizo, lakini uzito mkubwa zaidi unaenda kwenye mtihani wa kuingilia, na anatakiwa ajue hivyo tangu mwaka wa kwanza, si wa nne. Binti wa mazingira hana haraka hiyo.

Nije kwa baba mdogo. Kauli yake ya mechi na magoli ni nzuri kwa kikao, nami nakiri ilinichekesha. Mpelekee karatasi halisi, usimpelekee hoja. Mwombe, kama mwalimu, asome tathmini ya muhula wa kwanza kisha akwambie mwanafunzi huyu ana nguvu wapi na udhaifu wapi. Ataweza, na ataweza vizuri kuliko wewe na mimi. Kisha mwombe afanye vivyo hivyo na cheti cha mtihani cha mtoto yeyote wa ukoo chenye "Biolojia: B". Kwenye kikao, wakikuuliza kapata ngapi, wajibu kwa namba waliyoizoea: ana krediti 44 kati ya 45 za mwaka. Ni kweli tupu, na inaingia kwenye sentensi moja.

Ninavyosoma barua yako, nusu ya mashaka yako yametoka kwa hao watakaouliza, wala hayakutoka kwa binti. Siyo aibu, ukoo ndio unaochanga. Lakini yule mtoto alisikia kwenye simu kwamba baba yake anamwona mwongo, na alisikia hivyo katika muhula ambao tayari kuna kitu kilimwendea kombo.

Mpigie, ila usianze na karatasi. Mwache asalimie, mzungumze habari za nyumbani. Halafu mwambie umesoma alivyopima maji ya mto na umependa, na umwombe akusomee kwa Kiswahili zile kurasa mbili alizojiandikia. Akifika muhula wa tatu, muulize zile krediti nne zilikwenda wapi, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Niandikie tena ukishajua, hasa kama ni ugonjwa au kibarua. Mwenye viza ya mwanafunzi ana mipaka ya saa za kufanya kazi, na lazima awe amejisajili angalau krediti 12 kila muhula. Ikiwa muhula ujao anafikiria kupunguza mzigo, azungumze kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, kabla ya kufuta somo lolote.